Joto Halijisifu, Nalisifu Mimi

Mvua ina watu wake. Ikinyesha Kibera dakika kumi tu, wapiga picha wameshafika, na jioni kuna mtu kwenye runinga amevaa gambuti akionyesha maji yalipoishia ukutani. Baridi ya Julai nayo ina watu wake: ina makoti ya mtumba ya soko la Toi, ina chai ya tangawizi, ina nimonia ambayo mama wa Nairobi huitaja kama jirani mbaya aliyehamia karibu. Joto la Februari halina mtu. Huripoti kazini saa nne asubuhi, hufunga saa kumi na moja jioni, Jumapili halipumziki, na mvua za Machi zikianza huondoka bila kuagwa. Niliendesha bodaboda miaka minne kati ya Kibera na Kawangware kabla kalamu haijaanza kunilisha (hilo la kunilisha bado tunalijadili nyumbani), na kwa kuwa joto hilo lilikuwa abiria wangu kila siku, naona haki mtu mmoja asimame upande wake.

Unyenyekevu wake ndio ulionivuta kwanza. Huu mji Wamaasai waliuita kwa jina la maji baridi, Enkare Nairobi. Wanubi, askari wa zamani wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliopewa makazi Kibera, mtaa wao wakauita Kibra, yaani msitu. Mwenye majivuno angekataa kupangiwa kazi mahali panapoitwa maji baridi, tena kwenye msitu usio na miti. Joto lilikubali. Lenzake la Mombasa linaheshimiwa, wageni hulipia hoteli kulifuata. La Lodwar linaogopwa. La Nairobi ukilitaja mbele ya mtu wa Pwani anakucheka, anakuuliza kama unajua joto wewe.

Rasmi, joto letu linaishi Dagoretti Corner, kwenye makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa. Kwa njia yangu hapo ndipo katikati kabisa: unatoka Toi, unafuata Joseph Kang'ethe hadi Adams, unashika Ngong Road, na pale Dagoretti Corner unakunja Naivasha Road kuelekea Kawangware. Sasa, kwa desturi ya vituo vya hali ya hewa dunia nzima, kipimajoto hukaa ndani ya sanduku jeupe lenye pande za vibao vya kupitisha hewa, limeinuliwa kwa miguu juu ya nyasi, jua lisikiguse. Sanduku hilo lilibuniwa karne ya 19 na Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa huko Scotland, babake yule Stevenson aliyeandika Treasure Island. Nimelionea wivu sana. Rangi nyeupe, nyasi chini, hewa pande zote nne: sijui mpangaji hata mmoja wa Laini Saba, Kibera, mwenye nyumba ya namna hiyo. Kipimajoto kikiona jua kwa macho yake, wataalamu husema kimeharibiwa. Mwanaboda akiona jua kwa macho yake, ndiyo kazi.

Silaumu sanduku. Bila hilo huwezi kulinganisha Nairobi na Cairo. Lakini mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 watafiti walitundika vipimajoto vidogo Kibera, Mathare na Mukuru, wakavilinganisha na cha Dagoretti. Mchana, mitaani kulikuwa na joto zaidi kwa nyuzi kadhaa. Matokeo yakachapishwa 2017, na sababu zake hazikuhitaji darubini: miti michache, nyumba zimebanana, mabati kila upande. Hapo joto lilikuwa na nafasi ya kujitangaza. Halikufanya hivyo. Liliacha redio iendelee kusoma namba ya Dagoretti, nasi tuliokuwa na namba yetu mgongoni tukaitikia kwamba leo kumbe si mbaya.

Mafundisho ya joto yanataka pikipiki. Pikipiki ya Boxer haina maji ya kupoza injini. Hupozwa na upepo unaopita kwenye vile vibati vyembamba vilivyoizunguka, na upepo wenyewe huja ukiwa unakwenda. Mwili wa dereva umeundwa vivyo hivyo: jasho likikauka kwenye ngozi huondoka na joto, na upepo ndio unaolikausha. Kwa hiyo pikipiki na mwenyewe hupoa pamoja, wakisimama huchemka pamoja. Foleni ikishika Naivasha Road saa saba mchana, injini imekaa katikati ya magoti yako kama jiko la makaa, lami inakupulizia kutoka chini, na matatu iliyosimama ubavuni inakupa pumzi yake yote kwenye paja. Watu hudhani mwanaboda anapanda ukingo wa barabara kwa utundu. Wengi wanatafuta upepo.

Na angalia joto lilivyo na siri. Mombasa jasho likikutoka utaliona, litadondoka, utaomba madafu. Hewa ya Nairobi mwezi wa Februari ni kavu, jasho hukauka kabla hujajua limetoka. Unaweza kukaa kwenye jua siku nzima ukiapa hukutoka jasho. Jioni ukivua fulana ndipo unakuta ramani mgongoni, mistari myeupe ya chumvi iliyopinda kama ufuo wa ziwa, na kila ufuo ni maji yaliyokuwa yako.

Mtu asiye wa kazi hii atasema: si mnywe maji? Ndugu yangu, kwa mwanaboda maji hulipiwa mara mbili, yakiingia na yakitoka. Chupa ndogo ya mchuuzi wa foleni inakula faida ya safari nzima ya kutoka Congo hadi Gatina, hapo Kawangware. Ukishainywa, choo ni shilingi 10, na steji ina zamu. Zamu haingoji kibofu. Ukirudi unakuta aliyekuwa nyuma yako amebeba mteja wa Lavington, wa soo mbili, ambaye kwa haki ya Mungu alikuwa wako. Ndiyo maana tulikunywa chai alfajiri na tukafunga mdomo hadi magharibi. Mkojo wa jioni ulikuwa rangi ya chai ileile, bila maziwa. Joto lilitufundisha kubana matumizi kuliko chama chochote cha akiba.

Kuhusu mavazi, joto lina mshirika wake serikalini. Kanuni za pikipiki za 2015 zinamtaka dereva avae helmeti na jaketi yenye kumulika, na ni kanuni nzuri, nimeona vichwa vilivyookolewa. Lakini hakuna anayevaa ile jaketi peke yake. Chini yake kuna koti zito, na chini ya koti kuna kipande cha katoni kifuani, kwa sababu kazi huanza saa kumi na moja alfajiri na baridi ya saa hizo haina utani. Kufika saa sita mchana koti bado lipo. Ukilivua utaliweka wapi? Ukilitundika steji, litapata mwenyewe mwingine. Kwa hiyo unaendelea kulivaa, na mteja anakutazama akiwaza kwamba wanaboda ni watu wa ajabu.

Helmeti ya abiria naitaja haraka kwa heshima ya wanaokula wakisoma. Imepita vichwa kumi na tano tangu asubuhi. Kina dada wa salon huisogeza kwa vidole viwili, wanasema, "Boss, hiyo kaa nayo." Jua limeichemsha kwenye kioo cha pembeni ilikotundikwa, na ndani yake kuna historia ya mtaa mzima. Ukimruhusu abiria aende bila hiyo, polisi wanakungoja mbele.

Kiti nacho ni cheusi, na hakuna rangi inayolipenda jua kama nyeusi. Nimeona mzee mwenye adabu zake akiketi na kunyanyuka papo hapo, akisema maneno ambayo sikuyatarajia. Tangu siku hiyo nilitembea na kipande cha leso ya mama cha kufunika kiti. Bomba la moshi sitalisemea sana. Angalia shavu la mguu wa kulia wa jirani yako, ukikuta kovu la ukubwa wa kidole gumba, huyo ni mteja wetu wa zamani aliyeshuka upande usiofaa.

Mtu atauliza kivuli kiko wapi. Kipo. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT mwaka 2008 kwa pikipiki ndogo, vijana wameingia kazi hii kama siafu, na pale penye vijana wengi hapakosi mwanasiasa. Tulijengewa kibanda. Kina nguzo nne, benchi, picha ya mheshimiwa akitabasamu, na paa la bati lisilo na dari. Bati likipigwa na jua tangu asubuhi, saa saba linakurudishia yote kichwani, na tabasamu la mheshimiwa liko palepale. Tulikaa nje ya kibanda, upande wa kivuli chake. Ndani tuliweka pikipiki.

Nimefika kwenye tendo kubwa kuliko yote, na ndilo linalonifanya niamini kwamba joto ni kiumbe chenye maadili. Ilikuwa Ijumaa ya Februari, steji yetu ya Kawangware. Mwenzetu mmoja, kijana makini wa hesabu, mtu anayekumbuka deni la mbao la mwaka juzi, alishusha mteja. Nauli sabini. Mteja akatoa mia mbili. Mwenzetu akahesabu noti taratibu, akamrudishia mia tatu na thelathini, akamshukuru. Mteja, Mungu ambariki, akasimama akishangaa. Kijana akakaa chini kando ya tairi, akasema kichwa kinamgonga na anaona nyota.

Kesi ikasikilizwa hapohapo. Wa kwanza akasema ni njaa. Wa pili akasema ni pombe ya jana, ingawa huyo kijana hajawahi kuonja. Wa tatu, kwa sauti ya chini, akataja steji ya pili na wivu wao. Mmoja akakimbilia duka la dawa akarudi na vidonge vya malaria, kwa mtu anayeishi mji wa zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari na ambaye hakuwa amesafiri kwenda Kisumu tangu Krismasi. Jua lilikuwa juu yetu sote, limesimama wima, likisikiliza. Hakuna aliyelitaja.

Aliyemwokoa alikuwa mama wa miwa. Alimvuta chini ya mwavuli wake, akamvua lile koti (ile katoni ikadondoka, imelowa chapachapa), akammwagia maji kichwani na shingoni, akampepea kwa kifuniko cha ndoo. Kisha akamtengenezea maji aliyofundishwa kliniki alipokuwa na mtoto anayeharisha: lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Akamnywesha kidogo kidogo. Kijana jina lake alikuwa analikumbuka na maji yalikuwa yanapita. Angekuwa anaropoka au amezimia, hiyo isingekuwa kazi ya mwavuli, ingekuwa ya hospitali mbio, huku akimwagiwa maji njia nzima. Baada ya saa moja alisimama akaomba chenji yake. Wiki yote iliyofuata aliisifu dawa ya malaria.

Sema, ni mkubwa gani mwingine mjini hapa angefanya kazi kama hiyo na asiandike jina lake ukutani?

Wapo waliojua siri mapema. Wenzangu Wanubi wa Makina, Kibera, hawakuzimia, hata Ramadhani ya 2024 ilipoangukia Machi na tone la maji lisiguse koo mpaka magharibi. Nilidhani ni imani tu. Kisha nikawatazama adhuhuri wakitia udhu: uso, mikono hadi viwiko, maji kichwani, miguu, na hawajifuti. Wanapanda pikipiki wakiwa wamelowa, upepo unamalizia. Alasiri tena. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini elimu niliiiba. Nikaanza kulowesha taulo kwenye bomba la pale Olympic, Kibera, naifunga shingoni chini ya kola, na kabla haijakauka nimeshafika Kawangware na kurudi. Taulo ilikuwa ya shilingi hamsini. Choo haikuhitaji.

Hata hivyo kuna siku taulo nilisahau. Nilirudi Kibera jua likizama, nikaegesha, nikaingia nyumbani. Bati lilikuwa bado linatoa joto lake la siku nzima polepole. Mama alikuwa anachagua mboga. Akanitazama.

"Mbona uko hivyo, baba?"

"Niko sawa, mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

Akainuka, akafuta mkono wake wa mboga kwenye leso yake, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Una homa wewe."

Fulana ilikuwa mgongoni na ramani yake yote. "Labda ni vumbi," nikasema.

Akamtuma mdogo wangu dukani akanunue Panadol.