Hii ni Kazi ya Tetemeko au ya Mbwa?

Christchurch, New Zealand
Julai 2011

Shangazi na wote wa nyumbani Tanga, shikamooni.

Sisi wazima, nyumba ndiyo mgonjwa. Tangu tetemeko la Februari 22, lililoua watu zaidi ya 180 mjini humu, ardhi haijatulia. Juni 13 ilirudia mara mbili mchana mmoja, kana kwamba ile ya kwanza hatukuisikia. Mtaa wetu uko mashariki, karibu na mto Avon, na huku ardhi haitikisiki tu, inayeyuka. Maji ya chini yanapanda na mchanga wa kijivu, laini kama uji, unafurika uani. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuja makundi kwa makundi na mabeleshi na toroli, wakatuzolea bila kuomba hata soda.

Lakini habari hasa si hiyo. Habari ni kwamba tumefuga mbwa.

Tulieni kwanza. Mwanangu mdogo alikuwa halali ila chini ya meza, viatu miguuni. Mwalimu wake akashauri mtoto apewe kiumbe cha kutunza. Mimi nilifikiria kuku. Jirani mmoja aliyekuwa anahamia Australia akatuletea kibwa cheusi chenye miguu ya kahawia, aina ya Huntaway, mbwa wa wafugaji wa huku anayeswaga kondoo kwa kubweka. Kondoo hatuna, kwa hiyo anatuswaga sisi. Mabomba ya maji machafu yalipopasuka tuliwekewa vyoo vya plastiki barabarani, na kila anayetoka usiku kwenda huko, kwenye baridi ya kukata masikio, anasindikizwa kwa kelele mpaka mtaa mzima unajua nani ana haja gani.

Watoto wamemwita Kishindo. Kila jioni wanasimama uani wakipaza sauti, "Kishindo, njoo! Njoo, Kishindo!" na mimi ndani naomba ardhi ya huku iwe haijui Kiswahili.

Najua swali la Bi Mkubwa: na najisi ya mbwa je? Ndiyo, alipolamba tunaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Shida ni kwamba udongo wetu wote umechanganyika na maji ya choo, wenyewe unataka kuoshwa. Basi nanunua udongo dukani, kwenye mfuko wenye picha ya waridi. Na analala gereji, mwambieni Bi Mkubwa atulize moyo.

Watu wanasema mnyama hulihisi tetemeko kabla ya binadamu, nami nikajipa matumaini kwamba tumepata mlinzi. Juzi jioni ikaja mitetemo, vyombo vikagongana kabatini, sisi sote tukajitupa chini ya meza na kushikilia miguu yake kama watoto wanavyofundishwa shuleni. Kishindo anakoroma. Alipoamka akaona watu wazima wamekaa sakafuni, akaenda kuleta mpira. Lakini birika likipiga mluzi asubuhi, humtoi nyuma ya kochi.

Sasa mkaguzi. Mwezi uliopita serikali ilizigawa nyumba kwa rangi kwenye ramani: kijani, kaeni; nyekundu, ondokeni; sisi ni chungwa, maana yake ngojeni. Tukiwa tunangoja akaja bwana wa fidia na tochi yake, akapima nyufa moja baada ya nyingine kwa upole wa daktari. Ukumbini akakuta ubao wa chini ya ukuta umemeguka. Akainama, akapapasa, akauliza kwa adabu: "Hii ni Februari au Juni?" Kwa kuwa kila tetemeko kubwa lina dai lake, na hawachanganyi. Baba Watoto anakohoa ajibu, Kishindo huyo anatokea na kipande cha ubao mdomoni, anamwekea mgeni juu ya kiatu. Bwana akaandika "mbwa", akapiga mstari chini yake.

Dhuluma, Shangazi! Ubao ule uliachia ukutani Februari, mbwa kamalizia tu. Nilimweleza hivyo mpaka getini.

Na sheria ya huku ni kwamba mbwa akitimiza miezi mitatu awe amesajiliwa na manispaa, kisha awekwe chipu chini ya ngozi. Tumelipa. Humu ndani sasa mwenye karatasi kamili ni yeye peke yake.

Mdogo amerudi kitandani kwake. Usiku haulizi tena kama ardhi itatikisika. Anagombana na dada yake zamu ya nani kuokota mavi ya Kishindo asubuhi. Nawaacha wagombane.

Baba Watoto anawasalimu na ana ombi. Kubadhi lake la kushoto limeliwa. Mwambieni fundi amshonee jingine, ngozi ngumu, namba 9. Kama fundi hashoni moja, tumeni jozi, la kulia tutampa mwenye meno yake.

Wenu,
Mama Watoto