Boga la Naoshima, boga la Mbalizi

Kisiwani Naoshima, Japani, kuna boga la manjano lenye madoa meusi. Halipikwi. Ni kazi ya Yayoi Kusama, na watu hupanda feri kwenda kupiga nalo picha. Mwaka 2021 kimbunga kililisomba baharini. Mwaka uliofuata likawekwa jipya. Boga la kwetu Mbalizi likidondoka kutoka kwenye bajaji, tunaokota vipande, mboga ya jioni imepatikana.

Lakini tusiwacheke Wajapani haraka. Hao hao hununua michoro ya Tingatinga, aliyoianzisha marehemu Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi ya baiskeli na vipande vya mbao za dari. Ingia sebuleni mwa tajiri wetu hapa: ukutani kuna maporomoko ya maji ya Ulaya, yaliyochapwa Uchina, na kalenda ya mwaka juzi. Mchoraji tunamkumbuka tukitaka kuchorewa kichwa cha mteja kwenye kibanda cha kinyozi. Tunamlipa nusu. Nusu nyingine, "Fundi, pitia Jumatatu." Ya mwaka gani, hatusemi.