Riwaya na Wakaguzi Wake

Siku hizi riwaya inakaguliwa kama basi la abiria kabla ya safari. Wahusika: bapa au duara? Msuko: kilele kipo? Koma zimekaa mahali pake? Haya, ondoka.

Kwa ukaguzi huo Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, isingetoka stendi. Kijitabu chembamba, msuko unapinda kama ndoto, na kilele utakitafuta hadi macho yaume. Mwandishi naye wala hakushtuka: mwaka uliofuata akatoa Mzingile.

Lakini utamu uko kwenye uhariri. Chukua riwaya ya kubuni tu, maana wenyewe wanajijua. Ukurasa wa 12 mhusika anaitwa Zuhura, wa 40 Zuhra, wa 75 amekuwa Zahara na ana mume mwingine. Mjomba tuliyemzika kwa machozi sura ya tatu anaibuka sura ya saba akiagiza kahawa chungu. Mhakiki anakuna kidevu, anaandika: “Mwandishi amefaulu sana kutumia mbinu rejeshi.” Na pale mbele, kwenye shukrani, mhariri anapongezwa kwa jicho lake kali.