Mafuta ya Nazi Saba

Asubuhi hiyo nilipoamka, paka wawili walikuwa mlangoni pa chumba cha mwanangu, na wa tatu alishaingia. Alikuwa amekaa kando ya mkeka, mkia kaukunjia miguuni, anamtazama mtoto kama mtu anayesubiri chakula kipoe. Mtoto mwenyewe, miaka mitatu na ushee, alikuwa amelala chali, anang'aa kuanzia kisogoni hadi kwenye kucha za miguu, na ananuka changu wa kukaanga.

Nitaeleza.

Mwanangu ana ukurutu. Ulimwanzia mashavuni akiwa bado ananyonya, ukahamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, pale ambapo jasho la Kilwa hupenda kuweka kambi. Usiku anajikuna mpaka mkeka unaitika. Tabibu aliyempima mara ya kwanza alituambia kwamba wengi huuita pumu ya ngozi, na hapo ndipo alipotuponza. Ukisema ukurutu hapa Mitole, watu wanakupa pole na kuendelea na safari. Ukisema pumu, wanaketi. Mzee mmoja alitaka kujua mtoto akibanwa huwa anapumulia wapi. Jirani alileta tangawizi na asali, za kifua. Shangazi wa mke wangu alipiga simu Somanga kuulizia pweza, maana supu ya pweza, alisema, hufungua.

Na jina lenyewe halijakosewa sana. Ukurutu, pumu ya kifua na mafua ya mzio hupenda kutembea pamoja katika koo moja, na shemeji yangu mkubwa halali bila kipulizia chini ya mto. Lakini huwezi kumweleza habari za koo na mzio mtu ambaye tangawizi ameshaimenya.

Mimi ni mtu wa Kivinje. Nilikuja Mitole kufundisha, nikaoa, nikabaki. Kwa wakwe zangu hiyo ina maana moja: mimi ni mtu wa pwani, asiyejua mti wowote duniani isipokuwa mnazi. Kwa hiyo suala la ngozi ya mtoto lilichukuliwa kutoka mikononi mwangu kwa upole, kama unavyomnyang'anya mgeni jembe. Nilichoweza kuokoa ni sharti moja tu: dawa yoyote ianzie kwangu. Nikishinda salama siku moja, mtoto naye apakwe.

Mama mkwe alianza na mwarobaini. Alichemsha majani sufuria nzima mpaka maji yakawa na rangi ya chai ya msibani. Nikaoga. Sikuwashwa, sikuvimba, nilitoka mzima. Ila nilipojifuta mdomo kwa kiganja nikagundua kwamba nimekuwa mchungu mwili mzima. Hilo sikulitaja, nikiona si hoja ya kitabibu. Kesho yake mtoto akawekwa kwenye beseni na, kama ilivyo desturi ya umri wake, akajilamba mkono. Yowe alilopiga lilimtoa muadhini msikitini, akaja na udhu wake kuuliza kama kuna msiba. Siku ya tatu ngozi ilikuwa imekauka kuliko mwanzo, imepasukapasuka kama tope la bwawa mwezi wa kumi.

Halafu akaja babu wa nyumba ya tatu na kichupa cha mafuta ya mbarika. Alinikabidhi kwa mikono miwili. "Mwalimu, haya si mafuta ya mchezo. Haya yalikuwamo kwenye dawa ya Kinjikitile mwenyewe." Mimi nafundisha historia. Najua kwamba kule Ngarambe, mwaka 1905, wazee wetu walipewa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama, yageuze risasi za Mjerumani kuwa maji. Sikuwa na ujasiri wa kumuuliza babu ile dawa iliishia wapi. Nilimshukuru, nikapaka goti langu moja, likateleza vizuri. Kwa haki ya mafuta ya mbarika, hayakutudhuru. Yalivuta vumbi tu, na barabara yetu haina upungufu wa vumbi. Ikifika adhuhuri mtoto alikuwa kama andazi lililobingirishwa kwenye unga.

Aliyenimaliza ni mjomba wa korosho. Mjomba huyu ana miguu ambayo zamani ilikuwa na magaga, na anasema aliyatibu kwa mafuta ya ganda la korosho. Aliponiambia ni ya asili kabisa, hayana kemikali, nilikubali kwa kichwa. Ninaishi mkoa wa Lindi, nimezungukwa na mikorosho. Ningepaswa kujua kinachofahamika kwa kila mama anayebangua korosho, ambaye hagusi ganda kabla hajapaka mikono majivu au mafuta. Maji yaliyo ndani ya lile ganda yanaunguza. Mkorosho ulijitengenezea ulinzi huo kumzuia kila mwenye meno, na haukuniweka mimi pembeni. Nilijipaka kiasi cha shilingi mia, ndani ya mkono wa kulia, jioni. Usiku pakawaka. Asubuhi palikuwa na malengelenge, na nikaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto wiki nzima, darasa la tano likidhani ni mwandiko mpya wa serikali.

"Angalau hatukumpaka mtoto," alisema mke wangu, huku akinifunga kitambaa. Hakucheka. Alisubiri mpaka afike jikoni.

Nisisahau yule dada wa vipodozi sokoni, aliyenionyesha kikopo kisicho na lebo na kuniambia kinaondoa kila kitu. Nilimuuliza kila kitu ni pamoja na nini. Akanitazama mkono, akaanza kunitajia bei. Krimu za namna ile ni ndugu wa mkorogo, mara nyingi zimefichwa dawa kali za steroidi ndani yake: ukurutu unakimbia kwa wiki mbili, halafu unarudi na ngozi yenyewe imeshakonda. Niliondoka nikiwa nimenunua kitana, kwa aibu.

Ndipo nikaamua kwamba mtu wa pwani naye atasikilizwa. Kuna kichuguu nyuma ya shule ambapo mtandao hushika vizuri. Nilisimama juu yake kwenye jua nikisoma kwamba mwaka 2014 madaktari wa Ufilipino walichapisha jaribio la watoto 117 wenye ukurutu usio mkali sana. Wengine walipakwa mafuta ya nazi asilia, wengine mafuta ya madini, wiki nane, na wale wa nazi wakapata nafuu kubwa zaidi. Nilishuka kichuguuni kama Musa. Siku hiyo hiyo nikaagiza nazi Kivinje, zikaja na bodaboda: nazi saba, moja imepasuka njiani na dereva amekunywa maji yake.

Nilizikuna mwenyewe. Mbuzi ya mama mkwe ni ya chini, imetengenezwa kwa watu wenye magoti ya kiungwana, lakini nilikuna. Nikakamua kwa kifumbu, tui la kwanza na la pili, nikainjika. Kazi ya mafuta ya nazi ni kazi ya masikio. Tui likiwa bado na maji linachemka kwa sauti nzito, bwata, bwata, kama wazee wanaosuluhisha ndoa. Maji yakipungua sauti inakuwa nyembamba, inaanza kulia chaa, ukoko unaingia rangi ya kahawa chini, na juu yake mafuta yanatulia, meupe, unaona mpaka mikwaruzo ya sufuria. Hapo unaipua. Ukichelewa kidogo, umetengeneza harufu ya moto. Sikuchelewa. Nilipata nusu lita kasoro kidogo, nikachuja, nikatia kwenye chupa ya maji na kuiweka kwenye kichanja, mahali pa heshima.

Sasa, mama mkwe siku hiyo alikuwa amekaanga changu. Na yeye ni mtu asiyetupa mafuta. Aliyachuja yaliyobaki, akayatia kwenye chupa ya maji, ya nusu lita, akatafuta mahali pa heshima.

Mke wangu alikuwa shambani kwenye ufuta. Taa ya sola ilikuwa imeshachoka. Nikampaka mtoto gizani, kwa mapenzi, safu mbili, nikisikia harufu ya samaki na kuilaumu mikono yangu. Mengine paka wameshayaeleza.

Mchana wake tulikula mihogo ya kukaanga. Nazi saba zote, kasoro maji ya moja, ziliishia kwenye karai. Babu wa mbarika alikula vipande sita na kusema kwamba mihogo ya namna hiyo hajaila tangu ujana wake. Nilitaka kukasirika lakini mdomo ulikuwa umejaa.

Tulirudi zahanati. Tabibu alimtazama mtoto, akanusa, hakuuliza. Maelekezo yake hayakuwa na maajabu hata chembe, ndiyo maana nadhani hakuna jirani aliyewahi kutupa: maji ya uvuguvugu, si ya moto, muda mfupi, sabuni isiyo na harufu, kucha fupi, nguo za pamba. Pakiwaka sana, krimu ya haidrokotisoni, nyembamba, kwa siku alizotutajia. Na mafuta? Ya nazi yanafaa, mafuta mazito ya mgando yanafaa, mradi mtoto apakwe kila siku, ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu baada ya kutoka majini.

Dakika tatu. Mtu aliyesema dakika tatu hajawahi kuwa na mtoto wa miaka mitatu na mwembe uwanjani. Dakika ya kwanza ni ya kuzunguka mwembe. Ya pili ni ya kumshika. Na ukishampaka upande mmoja hashikiki tena, anakuponyoka kama kambare. Majirani wanahesabu kwa sauti kutoka vibarazani. Rekodi yetu ni dakika mbili na sekunde hamsini, na muadhini ndiye shahidi.

Mikunjo ya viwiko imeanza kulainika. Usiku mkeka umepunguza maneno. Mafuta ya sasa ni ya nazi nyingine saba, chupa imefungwa uzi mwekundu shingoni, na mama mkwe ameapa kwamba ameuona.

Juzi baada ya kuoga nilikaa kibarazani kupumzika, mkono wazi. Mtoto akaliona kovu langu la korosho, jeusi, la shilingi mia. Akaligusa kwa kidole.

"Baba una pumu?"

"Ninayo kidogo."

Akaingia ndani. Alirudi na chupa yenye uzi mwekundu, kifuniko ameshakitupa huko alikotoka, akanimiminia yote.

"Mwalimu," mama mkwe aliita kutoka jikoni, "nazi siku hizi Kivinje shilingi ngapi?"