Mshauri wa Steshenari

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, nchi inajaa washauri wa vyuo vikuu. Wako steshenari, kati ya mashine ya fotokopi na friji ya soda. Tangu mwaka 2017, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilipoacha kupokea maombi kwa mfumo mmoja na kila chuo kikajipokelea yake, biashara imenoga.

"Umesoma PCB? Weka udaktari."

"Nina D mbili na E, kaka."

"Weka tu, mdogo wangu, huwezi jua."

Ada ya maombi hairudishwi. Hilo mshauri analijua kuliko sifa za kujiunga.

Barua pepe kaweka yake, nywila yake, hata namba ya simu yake, eti kurahisisha. Mtoto akichaguliwa vyuo viwili, ile namba ya siri ya kuthibitisha inaingia kwa mshauri, ambaye siku hiyo yuko harusini Singida, simu haina chaji. Dirisha la uthibitisho, kwa bahati mbaya, halihudhurii harusi.

Mzazi, bando unalo. Kaa na mwanao mjaze wenyewe, na namba iwe yake.