Namna ya Kukimbia Kilomita 21 kwa Goti Moja na Nusu

Jisajili kwanza, goti litajua lenyewe litakavyofanya. Huo ndio mpangilio, na anayekushauri uanze na goti hajawahi kuona watu wanavyogombea namba za Kilimanjaro Marathon. Ukishalipa ada, suala la kupona linaacha kuwa la tiba, linakuwa la fedha, na mtu aliyekwisha kulipa hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Ungeweza kuchagua mbio za tambarare, kando ya bahari, zenye upepo na madafu. Lakini mwenye goti bovu huvutwa na mlima. Njia ya nusu marathoni pale Moshi inapandisha barabara ya Mweka, migomba huku na kahawa kule, halafu inageuza na kuteremka kurudi mjini. Waandaaji hawakukuficha kitu. Wameuweka mteremko katika nusu ya pili, muda ambao mapaja yamekwisha choka, na wewe ukautazama mchoro wa njia ukasema, “Afadhali, kurudi ni rahisi.”

Sasa jitafutie ugonjwa. Usiende hospitali, kila klabu ya jogging ina bingwa wa mifupa ambaye kazi yake ya kila siku ni kuuza vifaa vya simu. Maumivu yakiwa mbele, kuzunguka kilegesambwa, na yakizidi unaposhuka ngazi, atakwambia ni gegedu limekwisha. Yakiwa ubavuni, upande wa nje, atakwambia pia ni gegedu limekwisha. (Ya ubavuni mara nyingi hutokana na ule utepe mgumu unaotoka nyongani hadi chini kidogo ya goti, lakini usimharibie mtu ubingwa wake.) Shangazi ataleta mafuta ya nyonyo. Jirani ataleta dawa ya kuchua yenye harufu ya kuwafungulisha madirisha abiria wa daladala nzima. Pokea vyote. Dawa zikiwa nyingi, hata usipopona utakuwa na cha kusimulia.

Kosa pekee unaloweza kufanya katika hatua hii ni kwenda kwa fizio. Fizio hana habari na ada uliyolipa. Atakusimamisha kwenye kijingazi, wala si kirefu.

“Kaka, simama na mguu mbovu. Mzima ushushe taratibu, kisigino kiguse sakafu, kisha rudi juu.”

Unashusha. Goti linakimbilia ndani kumtafuta mwenzake, nyonga inazama upande mmoja, mikono inatafuta ukuta.

“Umejiona?”

“Ngazi zenu hizi ni ndefu, dada.”

Hapo ndipo atakapokuambia habari isiyopendeza hata kidogo: kwamba goti halina kosa kubwa kiasi hicho, kwamba wavivu ni misuli ya paja na ya makalio, na kwamba kila unapotua, goti linaachiwa kazi ya watu watatu. Dawa yake ni mazoezi. Si mazoezi ya kupigwa picha, ni yale ya kusimama barazani kwa mguu mmoja, ukipanda na kushuka tofali, mtoto wako anakuhesabia na kuruka namba kwa makusudi. Hayana fulana, hayana medali, na hakuna programu ya simu itakayowatangazia marafiki zako kwamba leo umeshuka tofali vizuri kuliko juzi. Ndiyo maana hayafanywi.

Atakufundisha pia kipimo cha maumivu, kuanzia 0 hadi 10, na hiki kishike kama ngao. Sifuri huumwi, kumi unalia. Yakiwa hayapiti 3 wakati wa kukimbia, na kesho yake asubuhi goti limerudi lilivyokuwa, unaweza kuendelea polepole. Yakipita hapo, au goti likiamka limevimba, umezidisha, punguza. Likianza kukwama katikati ya kukunjuka, au kukuachia ghafla kama halikujui, acha kukimbia ukamwone daktari. Ni kipimo kizuri sana, na uzuri wake mkubwa ni kwamba namba unaitaja wewe mwenyewe. Kwa hiyo kila kitu ni 3. Kushuka kwenye daladala kwa kujishika mlangoni ni 3. Kuinuka baada ya sijda kwa kuegemea bega la jirani ni 3. Kuna 3 ya kawaida, kuna 3 ya juu, kuna 3 ya baridi, na ipo ile 3 inayokuamsha saa tisa za usiku, ambayo nayo ukiitafakari kwa utulivu utaona ni 3 iliyochoka tu. Ukiulizwa na mkeo mbona unachechemea, sema ni viatu vipya.

Halafu kuna deni. Wiki ulizokaa nje uliziandika kichwani, kilomita kwa kilomita, na sasa unataka kuzilipa zote kabla ya siku ya mbio. Lipa kwa mkupuo. Wenye hekima huongeza mwendo kidogo kidogo kila wiki, lakini wenye hekima hawajajisajili. Hapa mwili wenyewe utakusaidia kujidanganya, kwa sababu moyo na mapafu hurudi mapema, ilhali kano na gegedu huchukua muda mrefu zaidi kuzoea kishindo. Kwa hiyo itafika asubuhi moja utajisikia mwepesi ajabu, pumzi imetulia, jua halijapanda, na utaongeza kilomita tano ambazo hazikuwa kwenye mpango. Pumzi itakushukuru. Goti litatoa taarifa yake jioni.

Ukianza kusita, fungua kundi la WhatsApp. Mtu atakuwa ameshatuma picha ya John Stephen Akhwari. Unaijua habari yake: Mexico City, Oktoba 1968, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Mtanzania huyu akaanguka njiani katika msongamano wa wakimbiaji, goti likaumia, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari akaingia uwanjani giza likiwa limeshaanza kutanda, akamaliza kwa 3:25:27, wa mwisho kati ya 57 waliofika. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilikuwa kwamba nchi haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma akazimalize.

Chini ya picha weka ngumi na bendera. Usimruhusu mtu yeyote kundini aandike kwamba Akhwari aliumia ndani ya mbio, na kwamba alipofika kwenye mstari wa kuanzia alikuwa na magoti mawili. Wala asitokee wa kuuliza wewe umetumwa na nani. Wewe hujatumwa. Mama yako amekukataza kwa simu mara mbili, fizio amekukataza kwa maandishi, na goti lako liliumia mwaka jana kwenye bonanza la wafanyakazi, timu ya waliooa dhidi ya makapera.

Alfajiri ya siku yenyewe utashawishika kumeza diklofenaki kabla ya kuanza, ili goti lisikusumbue. Ni mpango ulionyooka: maumivu ndiyo kengele pekee uliyobaki nayo, na wewe unakata waya. Hapa niweke utani pembeni kidogo. Dawa za aina hiyo huchokoza tumbo, hasa tupu, na mtu anayetoka jasho saa mbili au tatu damu yake tayari inapungua kufika kwenye figo; dawa hizi huipunguza zaidi. Wanaokimbia marathoni kila mwaka na kumeza bila kupatwa na kitu wapo. Mimi nisingejipima nao.

Bandeji, kwa upande mwingine, ivae. Ivae juu ya suruali, iwe na rangi, ionekane kwenye picha. Goti hulisaidia kidogo, mwenye goti humsaidia sana. Ukipitwa na mzee wa miaka sabini, watu wataitazama bandeji kwanza.

Kupanda Mweka kutakwenda vizuri, na hilo ndilo baya lake. Mlimani hatua hufupika zenyewe, kishindo hupungua, na goti hukaa kimya. Utaanza kuwaambia walio karibu kwamba umepona. Watoto pembeni wanapiga makofi, maji yapo, na Kibo, kama mawingu yamekubali, inakuangalia. Kisha unageuza.

Katika kuteremka, msuli wa paja hufanya kazi ya breki: unajikaza huku unavutwa kurefuka, kila hatua, na mzigo wake unapita juu ya kilegesambwa. Anayetaka kulinusuru goti hufupisha hatua na kuziongeza wingi, mguu ukitua karibu chini ya mwili wake, wala hashindani na mtu. Wewe rusha miguu mbele. Unafidia muda. Ndipo namba itakapoacha kuwa 3, na utaanza kuhesabu nguzo za umeme.

Kutembea? Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya 1972, alitumia miaka mingi kuwafundisha watu kuchanganya kukimbia na kutembea tangu kilomita ya kwanza, kabla hawajachoka, na maelfu wamemaliza hivyo wakiwa na miguu yao. Lakini huyo alikuwa mwana Olimpiki, aliweza kutembea bila aibu. Wewe ukitaka kutembea, inama ufunge kamba ya kiatu. Au toa simu, ongea na mtu. Ukimwona mpigapicha, kimbia mpaka umpite.

Mwisho utafika, kwa sababu barabara inateremka na hata jiwe lingefika. Utavishwa medali. Utakunywa mtori, utakaa kwenye kiti cha plastiki, na hapo ndipo utakapogundua kwamba kukaa ni rahisi ila kuinuka kuna masharti. Basi la Dar es Salaam lina mwendo wa zaidi ya kilomita 500, na goti la aina hii halichukii kitu kama kukunjwa muda mrefu. Omba kiti cha njiani. Chimba dawa kila mnaposimama, hata kama huna haja.

Jumatatu choo cha kuchuchumaa kitakufundisha kuhusu misuli ya paja mambo yote uliyokataa kufundishwa kwenye tofali. Kazini shuka ngazi kinyumenyume, ukishika ukuta, ukiongea na simu iliyozimika.

Jumatano rudi kwa fizio, na uvae shati la kawaida. Wenzako hawakukumbuka: benchi zima limevaa fulana moja, mwaka mmoja, kila mtu amenyoosha mguu mmoja mbele kiasi kwamba mhudumu anapita kwa kuruka. Muulize aliye jirani yako anaumwa kiasi gani. Atakwambia 3.