Baridi ya Bei Nafuu

Januari ya mwaka jana ukoo wetu ulikuwa na kesi mbili za hali ya hewa katika kundi moja la WhatsApp. Dada yetu aliyeolewa Minneapolis, Marekani, alikuwa akitafuta joto. Sisi wa Kiunga tulikuwa tukitafuta baridi. Sharti letu lilikuwa moja: kitakachopatikana kiwe cha bei nafuu. Ami, mkubwa wa nyumba, alisikiliza pande zote mbili, akatoa hukumu kwamba tubadilishane tulicho nacho na kila mtu alale salama.

Kesi ya dada ilikuwa nzito kuliko yetu, hilo lazima nikiri. Huko nyumba nzima hupashwa moto na tanuri la gesi lililofichwa chini, na hewa yake hupitishwa kwa mabomba hadi kila chumba. Tanuri lake lilizima usiku, nje kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Fundi akamletea machaguo mawili. Moja ni tanuri linaloipa nyumba asilimia 80 ya joto la gesi na kuachia nyingine ipotee na moshi. La pili hufikia asilimia 96, ila bei yake ilimfanya dada akae chini. Hili la pili, alitueleza kwa sauti aliyoirekodi meno yakigongana, hulinyonya joto la moshi hadi moshi wenyewe ukapoa, ukatolewa nje kwa bomba la plastiki.

Kundi zima lilisimama hapo. Moshi unaopita kwenye plastiki bila kuiyeyusha! Bibi akauliza kama fundi huyo angeweza kufika Kiunga kulitazama jiko lake la kuni. Tulimwombea dada dua njema, huku tukijipepea.

Kesi yetu ilitokana na yeye huyo huyo. Alikuwa anakuja harusini mwezi wa Machi, na watoto wawili waliozaliwa huko kwenye theluji, nao, kwa maneno yake, wasingeliweza joto letu. Asiyejua Machi ya Kiunga ni vizuri aelezwe. Kaskazi inakuwa imechoka na kusi haijaamka. Ni tangambili: bahari imelala kama sahani, jasho linatoka na halina pa kwenda. Tuko kaskazini kabisa mwa Kaunti ya Lamu, mji wa mwisho kabla ya magofu ya Ishakani na mpaka wa Somalia. Barabara ya msitu wa Boni ina habari zake, kwa hiyo kitu chochote kizito hutufikia kwa maji. Ukinunua jokofu, kwanza unazungumza na nahodha.

Ndiyo maana simu ya kwanza ya Ami kwa muuzaji wa Mombasa iliisha vibaya. Muuzaji alipoambiwa ukubwa wa chumba cha wageni, alijibu kwamba kiyoyozi cha tani moja kingetosha. Ami alinyamaza, akahesabu kichwani, akajibu kwamba hakuna chombo kitakachokubali. Ilibidi shemeji yangu, ambaye ni fundi wa sola na ndiye profesa wetu, aeleze kwamba mashine yenyewe haina uzito huo. Tani hiyo ni ya barafu. Kabla ya viyoyozi watu walipoza kwa barafu, na kipimo kikabaki: kiyoyozi cha tani moja huondoa joto ambalo tani moja ya barafu ingelimeza ikiyeyuka kwa saa 24. Vitabuni huandikwa BTU 12,000 kwa saa.

Hilo Ami alilielewa kuliko muuzaji mwenyewe. Kwa wavuvi barafu ni jambo la kila siku. Bila barafu, kamba mawe na nguru hawafiki sokoni. "Basi tununue barafu," akasema. Shemeji akamuuliza kama ni tani moja kila siku. "Kwa siku za wageni tu," Ami akajibu, na ilionekana wazi kwamba hakuwa anatania.

Shemeji alichukua kalamu. Hapa ndipo mtu mwenye ndoto ya kiyoyozi kwenye nyumba ya sola hukutana na ukweli, na ukweli una hesabu fupi. Kiyoyozi cha ukubwa ule hula kama wati 1,000. Betri yetu ni moja, ya volti 12 na ampea-saa 200. Zidisha: wati-saa 2,400. Lakini betri za aina hiyo, za asidi, ukizikamua zaidi ya nusu kila usiku, hazidumu. Kwa hiyo zilizo halali kutumika ni 1,200. Maana yake ni baridi ya saa moja na dakika chache, kisha giza, kisha joto, kisha watoto wa Minneapolis wakilia gizani. Feni ya wati 50, kwa betri hiyo hiyo, ingezunguka usiku kucha na mchana wake.

"Feni ninazo," alisema Ami, kwa sauti ya mtu aliyedharauliwa. "Feni inakuletea joto lako lile lile kwa kasi."

Kwa vile fedha alizochanga dada zilikuwa zimekwisha kuingia kwenye simu ya Ami, aliondoka kwenda Mombasa kujionea mwenyewe. Njiani alilala Lamu kwa jamaa zetu, ndani ya mji wa kale, ule uliotiwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001. Chumba alichopewa kilikuwa cha kizamani: kuta nene za matumbawe na chokaa, chembamba kwa sababu boriti za mikoko ndizo zilizopangia mafundi upana, dari iko juu, na mlango unafungukia kiwanda, yaani ua wa ndani. Hakikuwa na feni. Alilala fofofo mpaka alfajiri, akatuandikia kwamba safari ya bahari imemchosha sana.

Mombasa muuzaji alimwonyesha kwanza kiyoyozi kinachotoa baridi na joto pia, ukipenda, kwa kubonyeza tu. Bei yake ilikuwa imeshushwa, nami sishangai, maana sijui ni nani pwani hii angebonyeza kitufe cha pili. Ami ana udhaifu wa vitu viwili kwa bei ya kimoja. Alisimama mbele ya mashine ile muda mrefu. Lakini kulilipia joto na nauli yake hadi Kiunga, hata yeye aliona haya.

Alirudi na kitu kingine: kipoza hewa cha maji. Ni sanduku refu jeupe lenye magurudumu, feni ndani, tangi la lita 40 chini, na pazia la karatasi ngumu linaloloweshwa muda wote. Bei yake ilikuwa sehemu ndogo ya ile ya kiyoyozi. Kilikula wati 80. Shemeji alisoma kibandiko cha nyuma mara mbili akatafuta la kulaumu, hakuliona. Na Ami alikuwa na ushahidi: dukani alisimama mbele yake, wallahi, akahisi baridi mpaka kwenye mifupa.

Tulikiwasha baada ya Isha, nyumba nzima imekaa mbele yake kwenye mikeka. Kilipuliza. Hewa ilikuwa na unyevu, mzito kidogo, wenye harufu ya katoni. Tulingoja baridi. Mtu mmoja akasema ameanza kuihisi, ila huyo ni yule ambaye huhisi kila kitu.

Sayansi yake haina siri. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto kutoka hewani, ndiyo sababu mtungi wa udongo hupoza maji na mtu aliyetoka kuogelea hutetemeka kukiwa na upepo. Lakini hewa ikiwa imeshiba maji, haina nafasi ya mengine. Hewa ya Kiunga daima imekaribia kushiba. Inapumua juu ya Bahari ya Hindi na mikoko tangu Mungu alipoviumba. Kipoza kile kilikuwa kinamlazimisha mtu aliyeshiba kula tena. Na mbona dukani kilipoza? Shemeji alimhoji Ami polepole, kama hakimu. Dukani kulikuwaje? Kulikuwa kuzuri. Milango ilikuwa wazi? La, ilikuwa imefungwa. Na ukutani, juu, Ami, hukuona kitu? Ami alikumbuka. Duka lote lilikuwa na kiyoyozi.

Hakukubali kushindwa upesi. Kijitabu kilisema mtu anaweza kutia barafu kwenye tangi, basi akatia, na wavuvi wakaanza kumtazama vibaya kila alipokaribia masanduku yao. Kijitabu kilisema madirisha yafunguliwe, akafungua, mbu wakaingia. Maji yalitoka kwenye jabia, maji ya mvua tunayoyahesabu kikombe kwa kikombe hadi masika, na sasa lita 40 zilikuwa zinapeperushwa chumbani kila siku bila kunywewa wala kuoshewa. Bibi alipopita na ndoo hakusema neno, ila aliiweka chini kwa kishindo.

Kisha nyumba ikaanza kubadilika. Chumvi iligeuka tope. Biskuti zilizonunuliwa kwa ajili ya wageni zililainika hata ungeweza kuzikunja. Kanzu zilizoanikwa kwenye kamba zilirudi na maji mengi kuliko zilivyokwenda. Kadi za harusi, kazi nzuri ya mpiga chapa wa Mombasa, zilijikunja pembe zote nne.

Kadi hizo ndizo zilizonimaliza, kwa sababu kiyoyozi cha kwanza cha kisasa kilibuniwa kwa ajili ya karatasi. Mwaka 1902 kiwanda kimoja cha uchapaji huko Brooklyn, New York, kilikuwa kinateseka: unyevu wa kiangazi uliitanua karatasi, rangi zikawa hazilingani. Mhandisi mmoja wa miaka 25, Willis Carrier, akapewa kazi ya kuikausha hewa. Alipitisha hewa juu ya mabomba yaliyopozwa, unyevu ukageuka maji juu yake na kudondoka, karatasi ikatulia. Kwamba watu chumbani waliona raha lilikuwa ni jambo la pembeni. Sasa pata picha: miaka zaidi ya mia moja baadaye, ukoo mmoja wa Kiunga ulichanga fedha kutoka mabara mawili, ukapakia mashine kwenye mashua, ukafanikiwa kutengeneza ile hali kamili ambayo Carrier alilipwa aiondoe.

Ni Bibi aliyemaliza mjadala, na hakufanya hivyo kwa hotuba. Alimwita shemeji mchana wa jua kali, akamkalisha jikoni kwake, chumba cha uani ambacho paa lake bado ni makuti. Moto ulikuwa unawaka, chungu kiko juu. Kisha akamwambia aende chumba cha wageni akae muda ule ule. Shemeji alirudi jikoni kabla ya kumaliza nusu. Penye moto kulikuwa na nafuu.

Sote tulijua, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema mbele ya Ami. Nyumba kubwa ilikuwa ya makuti hadi Ami alipoiezeka mabati, na siku ile tulichinja mbuzi. Simlaumu. Makuti huoza, hutaka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na moto ukishika kuti moja huruka paa hadi paa. Bati ni salama, linakusanya maji ya mvua safi kwa jabia, na likimetameta mtu huliona angali mbali, baharini. Lakini bati tupu lisilo na dari chini yake ni chuma kilichoanikwa juani kutwa, kikiwaka juu ya vichwa vya watu. Dada yetu alikuwa anakopa fedha anunue tanuri. Sisi tanuri tunalo, halili gesi, na tulilifanyia karamu.

"Waliojenga Ishakani hawakuwa na bati," Bibi alisema.

"Na wako wapi sasa?" Ami akajibu, lakini kwa sauti ndogo.

Makuti yalipandishwa juu ya mabati, safu nene, kazi ya siku chache na fedha chache kuliko nauli ya kile kipoza. Jua likapiga makuti, bati likakaa kivulini, mvua ikija haivuji. Ndani tulitundika feni mbili za sola. Chumba hakikuwa baridi. Kilikuwa chumba cha kawaida cha Kiunga, jambo ambalo tulikuwa tumelisahau. Watoto wa Minneapolis walipofika walikitazama, wakasifu, kisha wakachukua vyandarua na kwenda kulala barazani na binamu zao kwa siku zote walizokaa. Dada alilala peke yake chini ya feni mbili, akajifunika shuka.

Yeye aliishia kununua lile tanuri la asilimia 96, kwa malipo ya kila mwezi. Ami hakuridhika na uamuzi huo. Amempigia simu zaidi ya mara moja kumshauri aezeke bati.

Kipoza kilibaki ukumbini kikiwa na kitambaa juu yake, mpaka mfanyabiashara mmoja wa Garissa aliyekuja kutafuta samaki alipokiona, akauliza bei. Ami alimtajia bei ya dukani pamoja na nauli, na yule bwana akalipa. Garissa ni bara, hewa yake kavu inakunywa maji kama ngamia. Baada ya wiki simu ililia: mashine inafanya kazi ajabu, wake zake wanalala na mablanketi, na ndugu yake anauliza kama Ami anaweza kumpatia nyingine.

Tangu siku hiyo Ami hazungumzii tena kosa lolote. Anasema mashine ile aliichagua vizuri, tatizo ni kwamba sisi tumejenga mahali pasipofaa. Juzi alimwomba shemeji amkopeshe fedha za kwenda Mombasa, anataka kuleta tatu.